Mtu wa Upande wa Kushoto

Katika nchi ile watu walikufa kama wanavyokufa watu wa kila mahali, kwa homa, kwa uzee, kwa kuteleza ngazini. Majina ya wakubwa ndiyo hayakufa. Mkubwa alipokata roho, jina lake lilimtoka kinywani likiwa bado na joto, likazunguka chumba, likatoka dirishani kumtafuta mwanamume wa damu ile aliye karibu, likamwingia. Kulipokucha mwanamume huyo aliamka akiwa si yeye. Alitia sahihi kwa jina jipya, mkewe alimwita kwa jina jipya, hata mbwa wake alimtazama mara mbili kabla ya kutikisa mkia. Waliowahi kuingiwa walisema hakuna maumivu. Ni kama kuvaa koti la marehemu, walisema, koti zuri la kitambaa cha zamani, lenye vifungo vya fedha.

Kidawa alitaka kujua jambo moja tu kuhusu koti hilo: je, limewahi kufuliwa?

Hakumuuliza mtu. Alikuwa mgeni, na mgeni hapigi hodi kwa maswali. Alikuwa amefika katika nchi hiyo ya ukungu kwa sababu ya mkono wake, mkono mwepesi wa kuchora aliourithi kwa baba yake, fundi Makame, mchora mabango. Fundi Makame alichora vichwa vya wanaume kwenye vibanda vya vinyozi, samaki kwenye milango ya hoteli, viatu kwenye kuta za washonaji. Alikuwa na sharti moja asilolivunja. "Usimwache mtu hewani," alimwambia binti yake. "Mtu mchore na mahali anapokanyaga. Hata kichwa cha kinyozi kiwekee kivuli chini, la sivyo wateja watadhani kimekatwa."

Sasa Kidawa alifanya kazi katika Nyumba ya Ngao, jengo refu la mawe ambamo alama za majina yote makubwa zilihifadhiwa. Saa za ukutani humo zilifunikwa vitambaa vyeusi, kwa kuwa, aliambiwa, majina hayapendi kuona saa. Mwanga ulikuwa uleule sikuzote, mweupe kama maji ya mchele, hata mtu hakujua kama ameingia kazini au anatoka. Rangi zilizoruhusiwa zilikuwa tano, na madini mawili, dhahabu na fedha. Kitu chochote kisichoingia katika hizo kilisemwa kiko katika rangi yake chenyewe, na rangi hiyo mchoraji alijitafutia.

Aliyemwajiri aliitwa Bwana Ellerby, Mpiga Mbiu Mkuu wa Nyumba. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyevaa joho lililodariziwa simba na mayungiyungi mpaka akaonekana kama pazia linalotembea. Aliamini kazi yake kama watu wengine wanavyoamini mvua. Siku ya kwanza alimpitisha Kidawa kwenye ukumbi wa chini, ambako ngao nyingi zilitundikwa kichwa chini, miguu juu.

"Hizi ni za majina yaliyokwisha," alisema kwa sauti ya msibani. "Ukoo ukikosa mwanamume wa kurithi, ngao hupinduka. Ikishapinduka, hakuna mfalme wala bunge linaloweza kuisimamisha."

"Nani huipindua, Bwana?"

"Hakuna anayeipindua. Inapinduka. Kazi yangu mimi ni kuona na kutangaza. Kilichomo ubaoni kengele ya kusimikwa inapolia, hicho ndicho sheria, mpaka kifo kijacho. Hata kama mchoraji alikosea, ni sheria. Hata kama mimi mwenyewe sipendi, ni sheria."

Kidawa aliliweka neno hilo moyoni, kama mtu anayeokota sindano njiani bila kujua atashona nini.

Kisha Lodi wa Thornmere wa kumi akafa, bila mtoto wa kiume. Alikuwa na binti aliyemuuguza mpaka dakika ya mwisho. Binti alisimama karibu kabisa na kitanda, mdomo wazi, na jina lilipotoka lilimpita sikioni kama nzi, likaenda zake. Ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo, chini ya muhuri wa lakiri nyekundu, kwamba jina ni la warithi wa kiume. Likavuka milima miwili na mto, likamkuta binamu wa mbali aliyekuwa akiuza mabomba ya bafuni katika mji mdogo. Akawa Lodi wa kumi na moja akiwa ameshika bomba mkononi.

Ubao wa Thornmere ukashushwa ukutani, ukaletwa kwenye chumba cha Kidawa ufanywe upya kwa ajili ya siku ya kusimikwa. Ulikuwa mkubwa kama mlango. Katikati ilikaa ngao ya kijani, na juu yake merikebu tatu za fedha zisizo na mtu hata mmoja. Juu ya ngao, kofia ya chuma. Juu ya kofia, taji dogo lenye vitufe vya fedha. Chini kabisa ulipita utepe mwembamba wenye neno moja la lugha iliyokwisha kufa, ambalo maana yake ni "Nashika". Upande mmoja simba wa dhahabu alisimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, ukucha mmoja ukiigusa ngao. Upande wa pili alisimama mtu mweusi. Kiunoni alivishwa manyoya ambayo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuyavaa. Shingoni alikuwa na pete ya fedha, na kwenye pete mnyororo ulioteremka kifuani, ukapita pajani, ukapotea nyuma ya utepe. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya ngao, umeibeba.

"Simba wa kulia, mtu wa kushoto," alisema Bwana Ellerby.

Kidawa alitazama. Kwa macho yake simba alikuwa kushoto na mtu alikuwa kulia. Alisema hivyo.

Bwana Ellerby alitabasamu, kwa kuwa kila mwanafunzi alikosea hapo. "Hatuhesabu kwa macho ya anayetazama, binti. Kulia na kushoto ni kwa yule aliye nyuma ya ngao, anayeibeba."

"Na nyuma ya ngao yuko nani?"

"Lodi, bila shaka." Alikohoa kidogo. "Sasa sikiliza. Nyakati zimebadilika. Watu siku hizi wana macho, wanauliza. Mheshimiwa Lodi mpya ni mtu wa kisasa, hataki udhalilishaji. Tunataka kumtendea haki mtu huyu. Futa mnyororo. Futa na pete. Uso ufanye wa furaha kidogo."

Kidawa alimgeukia.

"Kumtendea haki ni kumfutia mnyororo?"

"Unamdhalilisha."

"Unamdhalilisha nani, Bwana? Yeye, au waliomvisha?"

Bwana Ellerby hakukasirika. Alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma Kidawa zaidi. "Usipofanya wewe, nitampa mwingine," alisema. "Nilikupa wewe kwa sababu nilidhani utafurahi."

Lodi wa kumi na moja alikuja kuona kazi inavyoendelea. Alikuwa na uso wa mtu mwema, masikio makubwa, na mikono ambayo bado ilijua kukaza bomba. Koti la marehemu lilimpwaya. Alisimama mbele ya ubao, akavuta pumzi, na sauti iliyomtoka ilikuwa na umri wa watu kumi na mmoja.

"Nakumbuka," alisema. "Vita vilikuwa vibaya, hazina ya mfalme ilikuwa tupu, hakuna aliyethubutu. Nikampa merikebu zangu tatu. Akanipigisha magoti, akanigusa bega kwa upanga, akaniambia simama, Thornmere. Nikasimama. Nikajenga nyumba yenye madirisha mengi kuliko siku za mwaka. Nikaketi katika baraza la malodi, nikatunga sheria. Jua lilinitii."

"Ulikuwapo siku hiyo, Mheshimiwa?" Kidawa aliuliza.

"Nilikuwapo. Thornmere hafi."

"Basi utanisaidia. Nataka kumchora vizuri mtu huyu. Ulimtoa wapi?"

Yule mtu wa mabomba alipepesa macho. Sauti ya watu kumi na mmoja ilirudi nyuma kama maji ya bahari, na iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja, nyembamba, yenye mafua. "Huyo? Ah, hayo ni mambo ya kale sana. Waliofanya hayo walikuwa watu wengine. Mimi sikuwapo. Juzi tu nilikuwa dukani kwangu."

"Kwenye merikebu ulikuwapo."

"Merikebu ni zangu."

"Zilikuwa zimebeba nini?"

Lodi alimgeukia Bwana Ellerby. "Fundi huyu anazungumza sana."

"Ni kijana, Mheshimiwa," alisema Bwana Ellerby. "Atapunguza mwenyewe akikua."

Walipoondoka Kidawa alibaki amesimama na brashi mkononi. Mawazo yalimjia vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na makali.

Alikuwapo. Alipopigishwa magoti alikuwapo. Alipovishwa taji alikuwapo, na mwenge ulipowashwa, na wimbo ulipoimbwa, na shamba lilipopimwa. Kwenye tumbo la merikebu hakuwapo. Huko hakukuwa na mtu. Mlango ulijifunga wenyewe. Pete ilijivisha. Je, kuna mti unaorithi matunda ukakataa mizizi? Anayesema "nyumba hii ni yangu tangu babu yangu" akiulizwa kuhusu mifupa chini ya sakafu husema "mimi nimehamia jana". Na watu wanamwamini. Na wanamwandalia chai. Jina linatembea kutoka mwili hadi mwili kwa karne na karne bila kupoteza hata kijiko kimoja cha fedha, ila kitu kimoja tu hulidondoka kila linapovuka, na kitu hicho ni aibu. Nani anayeiokota? Lazima kuna mtu anayeiokota. Kitu hakidondoki kikabaki bila kumwangukia mtu.

Aliinua macho akamtazama mtu wa upande wa kushoto. Akafanya lile ambalo angelifanya popote mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo, babu."

Kisha rangi iliyokauka kwenye midomo ya mtu yule ikapasuka ufa mdogo. Ilionekana kwamba neno la kujibu lilikuwa limemkwama mahali fulani, naye akilitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.

"Mara," alisema. Akapumzika. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Machozi yakamtoka, nayo yalinuka mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi. "Tangu nisimamishwe hapa wamenipangusa vumbi, wamenipiga vanishi. Wewe wa kwanza kunisalimu."

"Unaitwa nani, babu?"

"Feruzi. Ni jina la sokoni, alinipa mwenye kuniuza, liwe rahisi kuitwa. Jina la mama ninalo, lakini silitaji humu. Humu majina yanaliwa."

Kidawa alisogea karibu. Sasa aliona kwamba mkono ule chini ya ngao ulikuwa ukitetemeka, tetemeko dogo lisilokoma, kama la waya uliovutwa.

"Ni nzito?"

"Nzito, mwanangu. Kila anapokufa mmoja inaongezeka. Wanasema wameongeza heshima."

"Na simba? Si anasaidia?"

Feruzi alicheka, na vumbi la dhahabu likapeperuka upande wa pili. "Huyu? Mtazame ukucha wake. Ameugusisha tu, kama mpambe wa harusi anayeshika ncha ya shela. Hajawahi kubeba hata unyoya. Tena ananguruma usingizini."

Simba aliangalia kando.

"Bwana Ellerby anasema nyuma ya ngao yuko Lodi, ndiye anayeibeba."

"Mimi niko huku karne zote," alisema Feruzi. "Nimekuangalizia. Huku nyuma hakuna mtu."

Kidawa alizunguka ubao. Kweli, nyuma palikuwa na mbao tupu, misumari, na utando wa buibui. Aliporudi mbele macho yake yalikuwa mekundu, na ndipo alipofanya kosa, kosa la mtu mwenye moyo laini. Alichovya kitambaa katika tapentaini. Hakutaka kumtii Bwana Ellerby. Alitaka kumfungua mzee. Alidhani, kwa kuwa yeye ni mchoraji na mnyororo ni rangi, basi kufuta ni kufungua. Akasugua pingili moja, ile iliyokuwa karibu na koo, mpaka ikatoweka.

Feruzi aliguna. Shingo yake haikuinuka. Iliinama vilevile, chini ya uzito uleule, ila sasa ilionekana kama shingo ya mtu anayependa kuinama.

"Ipo?" Kidawa aliuliza kwa hofu.

"Ipo. Imeingia ndani ya nyama. Zamani ilikuwa nje, mtu akipita anaiona. Sasa naijua mimi peke yangu." Alimtazama Kidawa. "Mwanangu, sikuletei lawama. Lakini fikiri. Ukiufuta wote, na ile kengele ikalia, itakuwa sheria kwamba nilisimama hapa kwa kupenda. Na anayesimama mahali kwa kupenda, nani atamwambia nenda nyumbani?"

Kidawa aliweka kitambaa chini. Alichukua brashi nyembamba kuliko zote, akaichora tena ile pingili, kwa fedha, kwa uangalifu mkubwa kuliko alioutumia kwa kitu chochote maishani mwake, akilia kwa hasira, kwa kuwa hakuna kazi chungu kama kumrudishia mtu mnyororo ili aaminike. Alipomaliza Feruzi alivuta pumzi.

"Hapo sawa."

"Sasa nifanye nini? Nikuchoree mlango? Nikuchoree mabawa?"

"Mabawa ya nini, mimi si kuku." Mzee alitabasamu. "Nataka kuutua huu mzigo. Basi. Mkono umechoka."

"Si uutue tu?"

"Niutue wapi? Tazama chini yangu."

Kidawa alitazama. Chini ya nyayo za Feruzi hapakuwa na kitu. Alisimama juu ya utepe, ukanda mwembamba wa neno lao, na chini ya utepe ulikuwa weupe mtupu usio na mwisho. Aliyemchora zamani alimpa misuli, akampa manyoya ya uongo, akampa pete yenye kung'aa, lakini hakumpa mahali pa kukanyaga. Mzigo ukimponyoka, ungetumbukia humo, nao ungemvuta yeye pamoja nao. Ndiyo maana hakuwahi kuhitaji mlinzi. Watu walimsifu kwa uaminifu wake, walisema tazameni hachoki, kumbe mtu hawezi kutua mzigo mahali pasipo na ardhi.

Usimwache mtu hewani.

Sauti ya fundi Makame ilimjia wazi kama ya mtu aliye chumba cha pili. Kidawa aliangalia ubao wake wa rangi. Nyekundu, buluu, kijani, nyeusi, zambarau. Dhahabu na fedha. Katika Nyumba nzima hapakuwa na rangi ya udongo. Wakubwa wale walikuwa na ardhi kuliko mtu yeyote, lakini hawakuwahi kuhitaji kuichora. Akachukua nyekundu akaiponda na kijani, akatia nyeusi tone kwa tone. Ya kwanza ilitoka kama kutu. Ya pili kama damu ya jana. Akaendelea, akaonja kwa macho, akaongeza, mpaka chini ya kisu chake ikazaliwa rangi ya udongo baada ya mvua, ile inayonata kwenye kisigino.

"Babu, kwenu udongo wake ukoje?"

"Mwekundu. Karibu na mto unakuwa mweusi. Una kokoto ndogondogo, zinauma miguu."

"Nitaweka na kokoto."

"Weka," alisema Feruzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikia jina la mama yake likitajwa mlango wa pili. "Usizisahau kokoto."

Alichora ardhi kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi wa pili. Aliiweka nene, kwa kisu, ikapanda juu ya utepe, ikalifunika lile neno herufi moja baada ya nyingine, ikafika kwenye nyayo za mzee. Feruzi alikunja vidole vya miguu. Alivikunja na kuvikunjua kama mtoto aliyeingizwa majini. Simba naye alijaribu kushusha miguu ya mbele, akatulia kwa miguu minne, akaonekana mdogo zaidi na mwenye furaha zaidi.

Siku ya kusimikwa ukumbi ulijaa majoho. Ubao ulisimamishwa jukwaani chini ya shuka nyeupe, na hakuna aliyeukagua, kwa kuwa Bwana Ellerby hakuwahi kukosea. Lodi wa kumi na moja alisimama kando yake na taji kichwani, koti likimpwaya. Kidawa alisimama nyuma ya nguzo, rangi ya udongo bado iko kwenye kucha zake. Alijua atafukuzwa. Hilo halikumsumbua. Lililomsumbua ni wazo moja: itakuwaje kama mzee amechelewa, au ameogopa, au mkono umeganda kwa mazoea? Kengele ikilia naye bado amebeba, atabeba mpaka kifo kijacho, na kijacho, na kijacho.

Bwana Ellerby alipiga mbiu. Alitaja malodi wote, tangu wa kwanza, na kila alipotaja mmoja Lodi wa kumi na moja alirefuka kidogo. Kisha shuka ikavutwa, na mkono wa mpiga kengele ukanyanyuka.

Kidawa alimwona Feruzi akiwatazama watu wote wale, polepole, safu kwa safu, kama mtu anayetaka kuzikumbuka sura. Kisha mzee alipinda magoti. Aliishusha kwa mkono uleule mmoja uliozoea kuibeba, na ngao ilikuwa na uzito wa karne. Ilipofika usawa wa paja ilimlemea, ikayumba, ikageuka. Taji ndilo lililotangulia kugusa ardhi. Likazama kwenye udongo mbichi. Merikebu tatu zikaelekeza matumbo juu. Feruzi aliinuka bila kitu mkononi, na ukumbi mzima ukasikia mifupa ya bega lake ikilia, mmoja baada ya mwingine.

Kengele ikalia.

Macho yote yalimwendea Bwana Ellerby. Mzee yule alikuwa mweupe kama shuka. Aliitazama ngao iliyopinduka, akaitazama tena. Kidawa aliona midomo yake ikicheza, akajua anatafuta njia katika sheria zote alizozipenda, mlango mmoja tu, dirisha moja tu. Hakulipata. Lazima isemwe kwa heshima yake kwamba hakudanganya. Aliinua mbiu, na sauti yake ikatoka kama ya mtu anayeuzika uhai wake.

"Jina la Thornmere limekwisha. Ngao imepinduka. Hakuna mfalme wala bunge."

Mtu aliyekuwa Lodi alishika kichwa chake, pale taji lilipokuwa, akapakuta patupu. Koti lilimdondoka mabegani, na katika mwanga ule mweupe kila mtu aliona lilivyo kwa ndani: madoa juu ya madoa, ya zamani na ya zamani zaidi, halikuwahi kufuliwa. "Lakini nilikuwapo," alisema. "Nilikuwapo wakati wa vita. Nilimpa mfalme." Aliangalia mikono yake. Sauti ilikuwa moja sasa, yenye mafua. "Mimi ni nani, Bwana Ellerby?"

"Sijui, Bwana," alisema Mpiga Mbiu kwa upole. "Ulikuwa nani kabla ya hapo?"

Yule mtu alikunja vidole kama anayekaza bomba. "Nilikuwa na duka," alisema. Na Kidawa, ambaye alikuja na ghadhabu ya kumtosha yeye na malodi wote kumi na mmoja, alishangaa kuona kitu kama unafuu kikipita katika uso ule wenye masikio makubwa.

Ubaoni simba alikuwa amelala. Feruzi alisimama kwenye ukingo, karibu kabisa na fremu. Pete ilikuwa bado shingoni. Mnyororo ulikuwa umeng'oka huko ulikokuwa umefungwa nyuma ya utepe, naye aliukusanya mkononi, pingili juu ya pingili, kama mwenda shamba anavyokunja kamba.

"Babu, uuvue basi," Kidawa alinong'ona kutoka nyuma ya nguzo.

"Nitauvua nikifika," alisema Feruzi. "Njiani nataka wauone."

Akavuka fremu. Hakuna aliyejua alipita mlango gani. Waliokuwa karibu na milango walisema wote walisikia mlio wa mnyororo ukipita, na harufu ya mvua.

Ukumbi ulipotulia, wakubwa waliona kilichobaki: ngao kichwa chini, na kwenye udongo mbichi nyayo za mtu, zilizozama hasa kwenye vidole, zikielekea nje. Wakanong'onezana. Ngao iliyopinduka ilikuwa sheria, hilo wangelivumilia, wamezivumilia nyingi. Zile nyayo ndizo zisizovumilika, kwa kuwa nyayo humfanya mtu aulize nani alipita, na alikuwa akifanya nini hapo. Walimletea Kidawa kitambaa na chupa ya tapentaini. Wakamwambia rangi bado haijakauka, azifute haraka kabla wageni hawajaruhusiwa kuingia.

Kidawa alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Akakikunja mara mbili, akakiweka sakafuni mbele ya ubao, akakikalia. Akasubiri udongo ukauke.